Makumbusho ya magazeti ya zamani: nenda mwalimu, ila tafuta mzee aliyepanga herufi

Mwalimu umeuliza kama kuna maana yoyote ya kukodi kosta na kumaliza Jumamosi nzima kuwapeleka watoto wa klabu ya habari wakaone chumba kimoja chenye mashine za zamani za kuchapia magazeti, wakati picha zake zimejaa mtandaoni. Naona wawili watatu hapo juu wamekwambia usijisumbue. Mi nasema nenda, na nasema kama mtu niliyekulia kwenye hiyo kazi maana nilianza kama kijana wa kufagia kwenye kiwanda cha uchapaji cha kanisa hapa hapa Dodoma miaka ya 80, nikapanda mpaka nikawa kompozita kamili, yaani fundi wa kupanga herufi, nikaifanya mpaka kompyuta zilipotukuta. Sharti langu ni moja tu, usiende na mtu wa kusoma vibao. Tafuta mzee aliyewahi kushika zile herufi. Bila yeye watoto watapiga selfi na chuma watarudi nyumbani.

Juzi kati nilimpeleka mtoto wa dada yangu, anasoma uandishi wa habari, kwenye kijichumba kama hicho unachokisema. Mhudumu alikuwa kijana mstaarabu kabisa, akatufungulia, hii mashine ya kukanyaga kwa mguu, hii ya kukatia karatasi, haya magazeti ya kale, asanteni karibuni tena. Yaani hata jasho la kutembea halijakauka tumeshamaliza. Binti ananiangalia kama vile anasema mjomba ndo hiki tu? Nikamwomba yule kijana ruhusa ya kuvuta droo moja ya herufi, akasita kidogo kisha akakubali.

Sasa sikiliza hapa mwalimu. Droo ya herufi za risasi, namaanisha yale madini mazito siyo ya bunduki, ina vyumba vidogo vidogo, kila herufi na chumba chake, na ukubwa wa vyumba haulingani. Zile droo ziligawanywa kwa kufuata Kiingereza kwa hiyo chumba kikubwa kuliko vyote ni cha e, na k kapewa kachumba kadogo pembeni kwa sababu Mwingereza haihitaji sana. Hata herufi zenyewe zilikuwa zinauzwa kwa uwiano huo huo, e za kumwaga, k chache. Alafu wewe unaleta hizo herufi Dodoma unaanza kupanga Kiswahili! Chukua maneno haya tu: wakati wakulima walikuwa wakikata kuni. Hesabu mwenyewe, k sita, w tano, a tisa, e hakuna hata moja. Nikamwambia binti angalia vyumba vilivyo tupu. K imebaki mbili tatu zimelika mpaka zimekuwa butu, w kidogo sana, e zimejaa, na x na q zinang'aa kama zimetoka dukani jana. Hapo hapo akaelewa kwamba hii droo imefanya kazi ya kweli, imepanga Kiswahili miaka na miaka mpaka ikachakaa upande mmoja. Hakuna kibao kilichoandika hilo, na yule kijana mhudumu naye ilikuwa mara yake ya kwanza kulisikia, akachukua daftari akaandika.

Na hiyo k ilikuwa inaamua mambo makubwa. Ukiishiwa k katikati ya ukurasa una njia mbili, umfuate mhariri umwombe abadilishe maneno, au uchape kurasa ulizokwisha panga, uzibomoe, urudishe kila herufi chumbani kwake ndipo uendelee na kurasa zinazofuata. Wanafunzi wa siku hizi wanadhani mhariri alikuwa anakata habari kwa sababu ya siasa tu au nafasi tu. Kuna habari zimekatwa kwa sababu herufi zimeisha mezani, nimeziona kwa macho yangu.

Basi nikamwekea stiki mkononi, ile bati ndogo ya kupangia mstari, nikamwambia panga neno "mvua". Herufi zinasomeka kinyume kama kwenye kioo na unapanga zikiwa kichwa chini, kwa hiyo n inafanana na u, b na d na p na q zinachanganya vibaya mno. Siri yake ni kidole gumba. Kila herufi ina mfuo ubavuni, ukiipapasa unajua imekaa sawa au imegeuka, na fundi mzoefu haangalii kabisa, mkono unakwenda wenyewe chumbani huku macho yapo kwenye karatasi ya mwandishi. Akapanga, akageuza, akatoa akapanga tena, tukapaka wino kidogo tukabandika karatasi juu tukaisugua kwa nyuma. Likatoka "mvua" limepinda upande lakini limesomeka. Hiyo karatasi kaiweka ukutani kwake hosteli.

Kwa hiyo ombi langu kwako, kabla ya safari waambie watoto waandike tangazo fupi sana, kama la mechi ya shule au mkutano wa wazazi, mistari miwili inatosha, kisha waende wakalipange wenyewe. Andika barua mapema uombe ruhusa ya kugusa na uwagawe vikundi vidogo maana chumba hakibebi umati. Mashine ya kukatia karatasi wasiisogelee hata kama kisu kimefungwa. Na suala la risasi lichukulie kwa uzito, hizo herufi ni risasi iliyochanganywa na bati na antimoni, hakuna mtoto kula karanga wala zabibu mle ndani, wakitoka wote wanaosha mikono kwa sabuni. Sisi tulikuwa tunaambiwa kunywa maziwa yanaondoa sumu, mabosi walituletea maziwa tukaridhika. Maziwa hayaondoi risasi mwilini.

Waeleze pia hali ya hewa yetu maana wataishi nayo. Kiangazi cha Dodoma na ule upepo wa vumbi kilikuwa adui wa kwanza wa mchapaji, karatasi inakauka mno inajaa umeme inashikana, unavuta moja zinakuja tatu. Vumbi linaingia kwenye wino, na rola za zamani za gundi zinalainika jua likiwaka. Tulikuwa tunaanza kuchapa alfajiri kabisa, saa nne asubuhi mashine imezimwa tunarudi kwenye kupanga.

Kwenye magazeti yenyewe usipite haraka. Watoto wengi wanadhani magazeti ya Kiswahili yameanza na Uhuru ya 1961, wakati Wamisheni wa Zanzibar walikuwa wanachapa Msimulizi tangu 1888, na Kiongozi ya Tanga ilianza 1904 ikichapwa kwenye shule ya serikali ya Mjerumani. Mambo Leo ikaja 1923, halafu 1937 Erica Fiah akaanzisha Kwetu pale Dar, Mwafrika mwenye gazeti lake mwenyewe chini ya mkoloni, hilo wanafunzi lazima walijue. Na huku bara hatukuwa watazamaji tu, Kiongozi nyingine, ya Wakatoliki, ilianzia Tabora 1950 na hapa Dodoma Central Tanganyika Press, shirika la uchapishaji la Waanglikana, ipo tangu 1954. Wakikuta Mambo Leo yoyote waambie watafute barua na mashairi ya wasomaji wa bara, maana watu walikuwa wanaandika kutoka mikoani na gazeti linawafikia kwa treni. Na kama safari ikikunogea, maktaba ya Chuo Kikuu Dar ina mkusanyiko wa Afrika Mashariki wenye magazeti mengi ya zamani, ila huko ni kwa kupanga mapema.

Kuna jambo linaniuma na ndo maana nimeandika marefu hivi. Kiwanda kimoja nilichokifahamu vizuri, sikitaji, kilipohamia kompyuta kiliuza herufi zake zote kwa kilo kama chuma chakavu. Droo baada ya droo zilimwagwa kwenye viroba. Mnunuzi aliniambia mwenyewe zinayeyushwa zinakuwa vizito vya nyavu za wavuvi wa Mtera. Bloku, vile vibao vya chuma vya kuchapia picha, za watu na majengo ya mji huu zimekwenda njia hiyo hiyo, na zile hazina nakala. Kilichobaki kipo kwenye hivyo vichumba vichache na kwenye vichwa vya wazee ambao kila mwaka tunawazika. Kwa hiyo mtu akikuambia ni chumba kimoja tu mjibu kwamba hicho kimoja ndo kimebaki.

Kama utakubali, mi nitakuja na nyie, nauli yangu najitegemea, stiki yangu ya zamani bado ninayo. Mwenye kumjua kompozita mstaafu maeneo ya Mpwapwa, Kongwa, Manyoni au Singida amwulize kwanza mzee mwenyewe, akiridhia ndo amuunganishe na mwalimu. Nikipata wa pili itakuwa vizuri zaidi, mmoja abaki kwenye droo mwingine asimame kwenye mashine.