Makaratasi yalinizuia kumzika baba

Mdogo wangu, umeniandikia kwamba dalali wa Arusha anasema Poland makaratasi yanatoka ndani ya miezi mitatu, tena hata vijijini hela ipo. Unalalamika kwamba nimenyamaza. Haya, leo nasema.

Huku Poland nakaa Suchedniów, nabeba mbao kiwandani. Jirani na hapa, msituni, kipo kijiji cha Michniów: barabara, nyumba kandokando, misonobari mpaka macho yachoke. Wanaita milima ya Świętokrzyskie, lakini kilele kirefu kuliko vyote hakifiki mita 620. Usiwaze Meru. Tarehe 12 na 13 Julai 1943 Wajerumani waliua hapo watu 204, kwa kuwa kijiji kiliwasaidia wapiganaji wa msituni wa kamanda Jan Piwnik. Wanaume walifungiwa mabandani wakachomwa wakiwa hai. Kichanga mmoja alikuwa na siku tisa.

Baba alipofariki, ombi langu la kibali cha kukaa lilikuwa linaingia mwaka wa pili. Muhuri wa kwenye pasi yangu uliniruhusu kukaa na kusubiri, basi. Ningetoka bila viza mpya, nisingeweza kurudi. Na mimi ndiye niliyekuwa natuma ada za watoto wote pale nyumbani. Nikabaki. Mnaosema nilisusa msiba, sababu ni hiyo.

Julai ile nilienda Michniów siku ya kumbukumbu, nikasimama kwenye kaburi lao la pamoja, nikamlilia baba. Bibi mmoja akanishika mkono, hakuuliza kitu. Baadaye nikamwambia natoka Tengeru, Arusha. Akalia yeye. Unayakumbuka makaburi ya Wapolandi pale chuo cha mifugo? Ni wakimbizi waliohamishwa na Wasovieti mpaka Siberia, wakapitia Iran, wakafika kwetu kuanzia 1942, karibu 5000. Waliolala pale hawakurudi kwao. Tulikuwa tunapita tu, hatuulizi.

Usije. Kama umeshaamua, usimpe dalali hata shilingi, na usipande ndege bila kibali cha kazi chenye jina la mwajiri, umpigie mwenyewe umsikie. Njoo na buti, Januari hapa vidole vinakufa. Shamba usiuze! Ukikwama nauli niambie, nitatafuta.

Jumapili nenda kaburini kwa baba, palilia magugu. Halafu pitia kwa wale Wapolandi, unipigie kwa video. Bibi ameomba kuyaona majina.