Kabla Hujauliza Ujifunze Lugha Gani ya Programu

Ijumaa iliyopita nilitia sahihi mkataba wa kuongoza kikundi cha watengenezaji wa masomo ya kidijitali hapa Nairobi, na jioni hiyo hiyo kijana mmoja anayemaliza chuo akaniandikia: "Kaka, nijifunze lugha gani ya programu ili nisikose kazi?" Nimeona nimjibu hadharani, kwa kuwa swali hilo niliwahi kuliuliza mimi pia, na jibu nililopewa liliniponza.

Niliambiwa nijifunze Flash, programu ya kutengenezea michoro inayotembea, michezo na masomo ya kufunguliwa kwenye kivinjari, yaani programu ya kusomea kurasa za mtandao. Kwa miaka tisa, katika ofisi moja ya Westlands, nilitengeneza kwa Flash masomo ya hisabati ya shule za msingi, na hakuna aliyenishinda. Julai 2017, kampuni ya Adobe, wenye Flash, ilitangaza kwamba ingeacha kuihudumia Flash mwishoni mwa 2020. Nililisoma tangazo hilo nikiwa ndani ya matatu kwenye Waiyaki Way, nikajiambia kwamba miaka mitatu ni mingi. Dalili zilikuwapo kitambo: iPhone haikuwahi kuikubali, na mwaka 2011 Adobe wenyewe walitangaza kuacha kuiendeleza kwa vivinjari vya simu, ilhali Wakenya wengi walikuwa wakiingia mtandaoni kwa simu hizo hizo. Nilikuwa bingwa wa masomo ambayo mtoto wa Githurai hangeweza kuyafungua kwa simu ya mama yake.

Tarehe 12 Januari 2021, programu ya Flash ilizuiwa kabisa kuonyesha chochote kivinjarini. Mwezi uliofuata nikapunguzwa kazini. "Wewe ni mtu wa Flash," meneja alisema, "hatuna pa kukuweka." Maneno hayo yananiuma hadi leo, kwa sababu miaka yote hiyo nilikuwa nikiketi na walimu, nikinakili katika daftari langu makosa ya wanafunzi wao.

Miezi kumi na minne iliyofuata nilijifunza usiku HTML5 na JavaScript, lugha za kutengenezea kurasa za mtandao zilizochukua nafasi ya Flash, huku mke wangu akilipa kodi ya nyumba.

Hata hivyo, kilichonirudisha kazini ni lile daftari. Kwenye usaili nilieleza kwa nini mtoto huandika kwamba nusu jumlisha thuluthi ni mbili kwa tano: anajumlisha namba za juu, kisha za chini, kama hesabu mbili tofauti. Nikaonyesha zoezi nililolibuni la kumwondoa hapo. Kuhusu HTML5 waliniuliza maswali mawili tu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usianze kwa kuchagua lugha. Chagua tatizo la watu unaoweza kuwafikia, ulijue kuliko yeyote, kisha ujifunze chombo chochote kinachotumika wakati huo kulitatua. Leo akili unde (AI) inaandika programu kwa sekunde chache, lakini haijawahi kuketi darasani Githurai. Soma matangazo ya watengenezaji wa vyombo unavyotumia, na chombo chako kikipangiwa siku ya mwisho, anza kuhama wiki hiyo hiyo, ukiwa bado unalipwa mshahara. Andika kila mwezi ulichotatua na ulimtatulia nani, maana siku ya kupunguzwa hutapewa nafasi ya kunakili chochote.

Jumamosi asubuhi huwa ninaketi na walimu wawili Kahawa West tukipitia makosa ya wiki. Kijana uliyeniandikia, njoo. Kompyuta iache nyumbani, lete daftari.