Vidonda vya panya kupona haraka hakutoshi

Ndugu, umeuliza kwa nini mchujo wa majani uliofunga vidonda vya moto vya panya haraka kuliko krimu ya silva salfadiazini, dawa ya hospitali ya kupaka majeraha ya moto, usitumike kwa watu mara moja. Ngozi ya panya ni legelege na ina msuli mwembamba chini yake unaovuta kingo za kidonda zikutane. Kwetu sisi kidonda hupona zaidi kwa ngozi mpya kuota kutoka pembeni na kwenye mashina ya vinyweleo yaliyosalia. Kwa hiyo kupima upana wa kidonda peke yake kunadanganya. Lazima kipande cha ngozi kitazamwe kwa hadubini.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hulipita: krimu hiyo, ingawa inazuia bakteria, yenyewe imeonekana kuchelewesha kupona. Kuishinda si ajabu. Mimi ningetafuta kwanza kundi la panya lililopakwa yale mafuta ya kuchanganyia mchujo, bila mchujo wenyewe, maana unyevunyevu tu husaidia kidonda. Kama kundi hilo halipo, siuamini utafiti huo.

Kati ya mimea, shubiri (aloe vera) imeshajaribiwa kwa watu, na matokeo yanatia moyo kwa majeraha ya moto yasiyo na kina, ila majaribio mengi ni madogo.

Tafadhali sana, usipake majani mabichi nyumbani. Yana vijidudu, na ngozi iliyoungua haina kinga. Ukiungua, mwagia jeraha maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, funika kwa kitambaa safi, nenda hospitali.