Muuguzi anajibu: Usiku ukitukuta mbali na kituo cha afya

SWALI: Jambo sana, Mama muuguzi. Ninaishi Kadutu, huku juu ambako gari haifiki. Mume wangu yuko kazini Shabunda, nabaki peke yangu na watoto watatu, wa mwisho ana mwaka mmoja na nusu. Usiku mtoto akiugua, kushuka naye hadi barabarani ni shida, na mvua ikinyesha ngazi zile ni utelezi mtupu. Jirani kanionyesha kikapu chake: amoksisilini, Flagyl, kwinini, na vidonge vyekundu ambavyo hata yeye hajui jina lake. Anasema nami nijaze hivyo hivyo. Pesa niliyo nayo ni kidogo. Nianzie wapi? – Mama wa Kadutu, Bukavu

JIBU: Binti yangu, kikapu cha jirani kiache kwa jirani. Dawa za nyumbani ni za kukuvusha mpaka asubuhi. Homa ya mtoto inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa mapafu, na kwa macho hutajua ni ipi. Malaria inataka kipimo cha haraka, tone la damu kidoleni na jibu ndani ya robo saa hivi. Ukimpa kwinini ya kikapuni kwa kubahatisha, unaweza kumdhuru na ugonjwa wenyewe ukabaki pale pale. Amoksisilini iliyosalia baada ya mtoto wa kwanza kupona haimfai wa pili. Vile vyekundu sitaki hata kuvisikia.

Pesa yako ya kwanza inunue SRO, ile serumu ya kunywa ya pakiti. Weka kadhaa, pamoja na vidonge vya zinki. Huku kwetu kandokando ya Ziwa Kivu kipindupindu hakijawahi kutuacha kwa muda mrefu, na mtoto anayeharisha anauawa na kukauka maji. Pakiti za kawaida huchanganywa na maji safi lita moja kamili, lakini soma iliyoandikwa kwenye yako. Kosa ninaloliona sana ni la chupa: watu wanatumia chupa kubwa ya bia wakidhani ni lita, nayo haifiki. Serumu inakuwa kali, chumvi inazidi, na mtoto anaumia zaidi. Tafuta chupa iliyoandikwa lita 1, itie alama, isiguswe kwa kazi nyingine.

Huyo mdogo mpe robo hadi nusu ya kikombe cha chai kila anapoharisha, kijiko kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea polepole. Ziwa la mama lisikatizwe. Zinki ni miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu (chini ya miezi 6 ni miligramu 10). Iliyobaki chupani baada ya saa 24, mwaga. Pakiti zikiisha usiku: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha kwa mgongo wa kisu. Onja kwanza, ikizidi machozi kwa chumvi, mwaga uanze upya. Choo kikitoka kama maji ya mchele, usingoje asubuhi. Amsha majirani mshuke naye, huku anakunywa njiani.

Ya pili ni parasetamoli. Kwa watoto nunua ya maji na usome chupa, maana nguvu zake hazifanani. Hesabu inafuata uzito, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo: mwenye kilo 10 apate 100 hadi 150, kila baada ya saa 6, isizidi mara nne kwa siku. Uzito uko kwenye fishi ya kupimia watoto, ile kadi ya kliniki. Unakili kwenye karatasi ubandike ndani ya kifuniko cha sanduku la dawa. Pima kwa kile kikombe au bomba lililokuja na dawa. Vijiko vyetu vya jikoni kila kimoja kina tumbo lake. Aspirini usimpe mtoto.

Sasa moto. Nyumba za mbao, mbabula (jiko la makaa) chini, chungu cha maharage juu yake, na mtoto anayejifunza kutembea: hapo ndipo moyo wangu hukaa. Akiungua, mwagilia maji safi ya baridi dakika 20, bila haraka. Kwa kuwa bomba hukauka, dumu moja la maji lisiguswe na mtu, nalo lihesabu kama dawa. Vua shanga na bangili kabla ya uvimbe, funika kwa kitambaa safi, malengelenge usiyapasue. Dawa ya meno, majivu, yai, mawese: vyote hapana. Akiungua uso, mikono au sehemu za siri, au jeraha likizidi kiganja chake, mpeleke.

Ongeza sabuni, bandeji, plasta, Betadine ya kusafishia vidonda, kipimajoto, tochi. Sanduku liwe na kufuli, juu, mbali na mvuke wa mbabula. Asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepigwa degedege, anayelala bila kuamka, au mchanga wa chini ya miezi 3 mwenye homa: hao sanduku haliwahusu, ni kushuka tu. Panga leo, mchana, na kijana mmoja wa pikipiki na majirani wawili wenye nguvu.

SWALI: Nina vidonda vya tumbo na mgongo unaniuma kwa kubeba mizigo. Ibuprofeni naweza kuiweka nyumbani? – Baba wa Bagira

JIBU: Wewe hapana, wala ile diklofenaki wanayokuuzia kimoja kimoja sokoni. Zote zinachokoza kidonda, na unaweza kutapika damu. Parasetamoli, vidonge viwili vya 500, visizidi vinane kwa siku, na kama unakunywa pombe sana niambie kwanza. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani, kwa hiyo usizichanganye. Choo kikiwa cheusi kama lami, nenda hospitali siku hiyo hiyo.