Maswali ya Wasomaji: Mtalaka Wake ni Mteja Wangu

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mjane wa miaka 52, nina kibanda cha mitumba katika soko la Kiboriloni, Moshi. Binti yangu aliporudi likizo kutoka chuo aliniwekea filamu ya Kimarekani iitwayo Enough Said, tukacheka sana, ila mimi kicheko kilinikauka mapema. Kwa miezi minne sasa ninatembelewa na mwalimu mstaafu aliyeachana na mkewe zamani, na mama huyo ni mteja wangu wa mashuka, wala hajui lolote. Kila akija hunisimulia vituko vya mtalaka wake: ubahili, kukoroma, na anavyochambua vitunguu kwenye kachumbari na kuvipanga ukingoni mwa sahani. Jumapili iliyopita mwalimu alikula kwangu, nikajikuta ninahesabu vitunguu. Je, filamu ile inatuonya tuwakimbie watu wa namna hiyo? Na shemeji zangu wanaosema mjane wa umri wangu hana haja ya mume, niwajibu nini?
Mama Wawili, Moshi

JIBU: Dada yangu, huko kuhesabu vitunguu ndiko filamu yenyewe inakokuzungumzia. Kwa wasomaji ambao hawajaiona, ni kazi ya mwaka 2013, iliyoandikwa na kuongozwa na Nicole Holofcener, kuhusu Eva, mwanamke aliyetalikiwa anayeishi kwa kukanda watu misuli, na ambaye binti yake yu karibu kwenda chuo. Katika sherehe moja anakutana na Albert, mwanamume mnene, mpole na mcheshi, na pia Marianne, mshairi ambaye anakuwa mteja wake, kisha rafiki. Baadaye anang'amua kwamba mume wa zamani anayesimangwa na Marianne kila siku ni Albert huyo huyo, na miongoni mwa makosa yake ni kukwepa vitunguu katika parachichi la kupondwa. (Wachagga tulioachia parachichi zioze chini ya miti tusiwacheke.)

Tazama Eva anavyofanya. Hasemi. Anaendelea kumkanda Marianne huku akimchimba, halafu anarudi kwa Albert na masikio yaliyojaa maneno ya mtu mwingine. Wanapoalikwa chakula cha jioni kwa marafiki, anamtania mbele za watu kuhusu unene wake, na wakiondoka Albert anamwambia kwamba amejiona kama mtu aliyeshinda jioni nzima na mtalaka wake. James Gandolfini, anayemwigiza Albert, na aliyefariki Juni 2013 akiwa na miaka 51, miezi michache kabla filamu haijatoka, anaitamka kauli hiyo bila kupandisha sauti, na kwangu hakuna sehemu inayouma kuliko hiyo katika filamu nzima.

Kwa hiyo jibu ni hapana, filamu haikuonyi umkimbie mwalimu. Albert wa mwisho ni yule yule wa mwanzo. Aliyeharibikiwa ni Eva, kwa sababu alijua jambo akalificha ili aendelee kuchota habari, na Albert akaja kulibaini mwenyewe nyumbani kwa Marianne. Mama huyo wa mashuka anakueleza ndoa yake, na pengine kila neno ni kweli, lakini ni ndoa ambayo wewe hukuwamo. Mwambie mwalimu kabla hajala tena kwako, kisha umwambie na mama huyo, hata kama atahamia kibanda cha jirani. Miezi minne bado inasameheka.

Kuhusu shemeji zako, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 68, inasema kwamba mwanamke aliyefiwa na mume yuko huru kuishi anapotaka, na kubaki bila mume au kuolewa tena na mwanamume anayemchagua mwenyewe, hata kama mila inasema vingine. Wasomee. Wakihamisha mazungumzo kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, hapo utamhitaji wakili, si mwandishi wa safu ya filamu.