Fabric imekubali, ramani haionekani: nihamie Forge?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko kidato cha nne, naishi Ng'hong'hona, Dodoma. Najenga stesheni ya SGR ya hapa kwetu ndani ya gemu la kujenga la Minecraft Java, toleo la 1.20.1, kwa laptopu ya RAM GB 4. Gemu lilikuwa linagandaganda, nikashauriwa niweke Fabric, mfumo wa kupachika modi (nyongeza za gemu), na Sodium, modi ya kulipa gemu kasi. Nikaongeza modi ya ramani na ya fanicha. Gemu likagoma kuwaka, likaleta dirisha lenye maandishi mengi. Nilipoitoa ya fanicha likawaka, ila ramani siioni popote. Je, nihamie Forge, ule mfumo mwingine wa modi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usihame. Kwa mashine kama yako Fabric inafaa sana, na kwa maelezo yako imeshakaa vizuri, maana gemu linawaka. Una matatizo mawili yasiyohusiana, na yote yako kwenye folda ya mods.

Tuanze na fanicha. Fabric ni nyepesi kwa sababu imejiwekea kazi ndogo: kusoma modi zilizomo kwenye folda na kuzipachika kwenye gemu linapowaka, basi. Nyenzo za pamoja ambazo modi nyingi huzitegemea zimetengwa kwenye faili jingine, Fabric API, na hilo unalipakua mwenyewe. Wengi hudhani ukishasakinisha Fabric umelipata na hilo. Hujalipata. Rudisha modi ya fanicha, uwashe gemu, kisha usome lile dirisha mstari kwa mstari kabla ya kulifunga. Naamini utakuta jina la modi hiyo, kwamba inadai fabric-api, na mwishoni neno missing. Dirisha hilo linatisha kwa wingi wa maneno, lakini mara nyingi jibu lote limo humo. Pakua Fabric API ya 1.20.1, ni MB chache tu, bando lako halitaumia. Faili la .jar liingie kwenye mods kama lilivyo, usilifungue kwa WinRAR.

Ramani ni jambo gumu zaidi kuligundua, kwa sababu halina kelele. Modi moja inaweza kutolewa kwa namna mbili, ya Forge na ya Fabric, na majina ya mafaili yakapishana neno moja tu. Kila modi ya Fabric ina faili dogo ndani yake liitwalo fabric.mod.json. Fabric isipoliona, inaliruka faili zima na gemu linawaka kama kawaida. Ukitaka ushahidi, bonyeza Windows na R, andika %appdata%, ingia .minecraft, kisha logs, ufungue latest.log kwa Notepad. Karibu na mwanzo kuna orodha ya modi zilizopakiwa pamoja na matoleo yake. Sodium utaikuta. Kama ramani haimo, ulichukua ya Forge. Ifute, uchukue ya Fabric. Na uangalie namba: modi ya 1.20.4 usiihesabu kuwa ya 1.20.1.

Modi zipakue kwenye tovuti za Modrinth au CurseForge, si kwenye flashi ya rafiki. Hata huko usikimbilie modi ngeni isiyojulikana: Juni 2023 kirusi kilichoitwa fractureiser kilipenyezwa kwenye modi zilizokuwa CurseForge. Modi ni programu kamili, inaweza kugusa kila kitu kwenye laptopu yako.

Kabla ya kurudisha fanicha, nakili folda ya saves, inayotunza ulimwengu wako, mahali pengine. Nakusihi usiruke hatua hii. Sodium unaweza kuitoa wakati wowote na jengo lisiguswe, kwani haiongezi bloku. Modi ya fanicha inaongeza. Siku ukiitoa na kuufungua ulimwengu wako bila hiyo, viti vyote vya abiria ulivyovipanga vitatoweka.

Kuhusu kuganda, Sodium inaharakisha uchoraji wa picha, haikuongezei RAM. Ongeza FerriteCore, ambayo inapunguza kumbukumbu inayoliwa na gemu, na Lithium, inayopunguza mzigo wa mahesabu ya ndani. Kisha, kwenye mipangilio ya gemu, punguza umbali wa kuonekana (Render Distance) hadi 8 au chini ya hapo. Loncha rasmi, yaani programu ya kuwashia gemu, kwa muda mrefu imekuwa ikiligawia gemu GB 2 za RAM, utaiona kama -Xmx2G kwenye mipangilio ya profaili. Usishawishike kuipandisha hadi GB 3 au 4: Windows nayo inahitaji pa kupumulia, na ikibanwa itaanza kutumia diski badala ya RAM, gemu ligande kuliko mwanzo.

Weka Fabric API kwanza, washa. Kisha ramani, washa. Fanicha iwe ya mwisho. Ukiziweka zote kwa mkupuo hutajua iliyogoma ni ipi. Ikishindikana, nitumie latest.log nzima, si picha ya skrini, kwa sababu mstari ninaouhitaji mara nyingi huwa juu ya ule unaoonekana.