Vijana wa benda, kabla hujakata hiyo paipu nisikize kwanza

Jana kijana mmoja wa atachimenti (sitamtaja, mamake ndiye anatuuzia chapati za saa nne) amepitisha tepu kwenye kabini ya pikapu ya mteja, akajumlisha urefu wote, akakata paipu na grainda safi kabisa, ndio akakuja kuniuliza, "Fundi, sasa tunakunja wapi?" Kona ya kwanza iko sentimita 9 kutoka kwa ncha na benda yetu (hii mashine ya kukunja paipu) inahitaji sentimita 18 za kushika. Nikamuuliza itashikwa na nini, na meno? Nikaenda kunywa chai ndio nisiongee vibaya. Niko hapa Nakuru kwa hii kazi miaka kumi na nne sasa na kila muhula wanaletwa wengine, na makosa ni yale yale, sijui huwa wanaachiana kama madaftari. Wacha niandike mara moja.

1. Unakunja halafu ndio unakata. Acha mabaki pande zote mbili, na kati ya kona na kona acha pia sehemu imenyooka ya kushikwa, la sivyo hiyo mchoro yako itabaki kwa karatasi.

2. Paipu ya maji na chubu si kitu moja. Ya maji ya inchi moja na nusu ukiweka venia nje utapata mili 48.3, chubu ya inchi hiyo hiyo ni 38.1. Zile benda za haidroliki za hadiwea nyingi zimekuja na viatu (zile fomu za kukunjia) vya paipu ya maji. Ukitia chubu humo inatoka imebonyea kama chupa ya soda imekanyagwa na matatu, halafu unasema chuma ni feki.

3. Kona inakata njia. Hii nawaambia kila siku. Umechora na skwea, mguu mmoja 500, mwingine 400, digrii 90, unasema urefu ni 900. Hapana. Dai yetu, ile fomu ya duara paipu inakunjiwa, iko na radiasi ya 150, kwa hivyo paipu haifiki pale kwa ncha ya mchoro, inaanza kuinama 150 kabla na inanyooka 150 baadaye, na badala ya kutembea 300 imetembea 236 hivi. Umebaki na mili 64 mkononi, urefu wa ukweli ni 836. Na alama yako ya kuanza kona inakaa 350 si 500! Kwa kona ya digrii 30 tofauti ni kama mili 2 tu, ndio maana mtu anaweza kutengeneza bulba (ngao ya mbele ya gari) na karia (ya mizigo juu ya paa) miaka mitano na asijue hii kitu ipo, halafu siku anapewa keji (kizimba cha paipu ndani ya gari ya mbio, cha kukinga watu ikipinduka) analia.

4. Paipu hurudi. Ukiachilia benda inafunguka digrii kadhaa, na kila paipu hurudi vile inataka, kwa hivyo jaribu kwa kipande cha paipu hiyo hiyo, andika kwa ukuta, usikopeshe namba ya wiki jana.

5. Kuzungusha. Hapa ndio nataka mkae chini, kwa sababu hapa ndio mimi niliaibika.

Ilikuwa 2021, ile mwaka Safari Rally ilirudi kwa mashindano ya dunia baada ya 2002, na ikakuja hapa kwetu Naivasha, na ghafla kila mtu mwenye pikapu kuukuu alitaka keji. Mteja mmoja akaleta paipu yake mwenyewe kutoka Nairobi, 45 kwa 2.5, isiyo na mshono, zimehesabiwa, hakuna ya ziada. Mzee wa karakana akanipatia zile mbili za kando, zile zinatoka kwa sakafu zinapanda na nguzo ya kioo cha mbele halafu zinalala chini ya paa kwenda nyuma. Kona nne kila moja. Na si kona za kulala kwa meza, kuna ya kuinama nyuma na kuna ya kuingia ndani, kwa hivyo baada ya kona moja lazima uzungushe paipu ndani ya benda kabla ya ile ingine.

Ya kulia nilifanya kama natengeneza pete ya harusi. Nilikunja waya kwanza, nikaijaribu ndani ya gari, nikapima kila kona, nikaandika hesabu yangu nyuma ya boksi ya welding rodi: umbali, zungusha ngapi, kunja ngapi. Kutoka asubuhi mpaka saa tisa. Nikaiweka ndani ya gari ikakaa kwa nguzo hata kidole hakipiti. Mzee akaangalia akasema, "Sawa, fanya ya pili." Mimi sasa nimefura kichwa. Niko na hesabu si ndio? Nikachukua boksi yangu nikafuata namba moja moja, dakika arobaini nimemaliza, nikazilaza mbili kando kando kwa simiti na zikalingana kila mahali, kona kwa kona, nikaita hata jirani wa kupaka rangi akuje aone.

Zililingana kabisa. Hiyo ndio ilikuwa shida.

Mzee akaja na mswaki wake wa kijiti mdomoni, akazunguka hizo paipu mara moja, akachukua ya pili akaipeleka upande wa kushoto wa gari. Mguu ukakaa vizuri. Ile ya juu ikatoka nje ya dirisha kama mkono wa kondakta. Akanyamaza kidogo halafu akasema, "Mwanangu, hii gari iko na upande wa kushoto pia."

Nusu saa nzima nilikuwa nageuza hiyo paipu. Ya mbele nyuma, ya juu chini, nikaitoa nikaingiza kwa mlango ule mwingine. Kiatu cha kulia, geuza vile unataka, ni cha kulia tu. Na nilikuwa sijawahi kukutana na hiyo kitu kwa sababu kazi yangu yote ilikuwa karia na bulba, kona zote zimelala uso mmoja, na hiyo ukiigeuza tu inaingia upande wowote. Ukishazungusha katikati, hata digrii 20, paipu imepata mkono, imekuwa ya kulia au ya kushoto, na kwa boksi yangu nilikuwa nimeandika "zungusha 35" bila kuandika kuelekea wapi!! Ya kushoto ni hesabu ile ile, umbali ule ule, lakini unazungusha kinyume. Ni hiyo tu. Mshale mmoja wa kalamu.

Nilienda Nairobi kununua ingine na pesa yangu, karibu mshahara wa mwezi, na paipu ya futi 20 haibebwi na matatu, nikalala kwa lori ya mtu wa simiti mpaka Nakuru nimekuwa mweupe kama mzimu. Mteja alikuja akapata mimi nalala kwa benchi, mzee akamwambia kijana amechoka na kazi. Hakunisema. Hiyo ndio iliniuma zaidi.

Kwa hivyo sasa. Chora laini moja imenyooka urefu wote wa paipu, laza pande la engo (chuma cha pembe) juu yake ufuate ukingo. Andika mshale, kulia ama kushoto ukiwa umesimama kwa benda. Kunja zote mbili pamoja, kona ya kwanza hii na hii, kona ya pili hii na hii, na kila saa zisimamishe ziangaliane kama watu wanasalimiana, zikianza kufuatana kama watoto wa shule simama hapo hapo. Na wachana na marka nene! Mzunguko wa paipu ya 45 ni mili 141, digrii moja haifiki hata nusu mili, hiyo alama yako ya unene wa mili moja tayari ni digrii mbili na nusu. Ukikosea digrii mbili tu halafu ukunje 90, ncha ya mguu wa mita 1.2 iko sentimita 4 mahali haikutakiwa. Tumia msumari uliochongoka.

6. Fikiria paipu itaenda wapi ikikunjwa, juzi imetoboa mabati.

7. Kama iko na mshono, mshono ukae ubavuni, usiwe ndani wala nje ya kona.

8. Keji haichomwi moto ndio ikunjwe, FIA (shirikisho la mbio za magari la dunia) wanataka ikunjwe baridi, radiasi isipungue mara tatu ya kipenyo (ya 45 basi ni 135), na ikibonyea upande mwembamba usiwe chini ya asilimia 90 ya ule mpana. Hiyo ya kujaza mchanga na kupiga moto ni ya mageti, na hata huko mchanga ukaushwe kwanza, ukiwa na maji ndani na umeziba ncha zote mbili umetengeneza bomu.

Ile paipu yangu ya kulia ya pili bado iko, mzee aliifunga kwa dari juu ya benda na tunaanikia ovaroli. Wewe wa chapati uliuliza ni ya gari gani. Ni hiyo. Ile yako ya jana tumeikata brasi (vipande vya kukazia), haijapotea, saa mbili kesho kuja na waya tuanze upya.